Gari la Kwenda Kuposa

Tangu Melkizedeki anunue kigari kilichokwisha kutumika, pale Mandewa hapakukalika. Dukani kufuata chumvi, gari. Kanisani, hapo hapo nyuma ya nyumba, gari. Watu wa basi akawa anawaita mizigo. Filipo, mtoto wa kaka yake, alivumilia mpaka siku ya posa yake.

Mzee Simeoni wa Mkiwa, baba yake Raheli, alishasema waje asubuhi, mchana anasafiri, na binti yake haposwi kila siku kama anauzwa mnadani. Filipo akataka wapande basi la alfajiri. Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Washenga washuke kwenye basi kama magunia ya vitunguu?

Haya, wakaenda na gari. Kwenda kulikuwa kwa jina tu. Kila tuta linapitwa kwa kunyata, kila kokoto inaogopwa, maana rangi ni mpya. Malori yakawapita, bodaboda zikawapita. Shangazi Theodora, msemaji wa posa, alikaa nyuma anaangalia jua.

Mkiwa inaonekana kabisa, jamaa akasimama kwenye dimbwi. Eti lina vumbi, wakwe hawawezi kuliona hivi. Akavua shati, akatoa ndoo na sabuni.

"Baba mdogo, tunachelewa."

"Tulia. Wakiliona hili, watakuongezea na mdogo wake."

Akasugua matairi. Matairi, jamani, ya gari linaloenda kupaki kwenye mchanga.

Ndipo basi likatokea Mkiwa, linaelekea Singida mjini. Dirishani, mzee Simeoni, begi mapajani. Filipo akaingia barabarani, mikono juu, mpaka likasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tumewasubiri mpaka chai imepoa." Mzee akamtazama Melkizedeki, kifua wazi, povu hadi kwenye viwiko. "Yule ndiye mshenga?"

"Hapana, mzee. Yule ni mwenye gari. Mshenga ni shangazi."

Theodora alishafika mlangoni, viatu mkononi. Melkizedeki akauliza kama kweli wanamwacha njiani. Filipo akapanda nyuma ya shangazi. Shangazi akakaa pembeni ya mzee, akaanza maneno ya posa kwa Kinyaturu, taratibu, kama yuko sebuleni kwa watu.

Kufika Ikungi, mzee akasema sawa, amesikia. Waje Jumamosi wamalizie, waje na basi, na yule wa ndoo abaki kwao.