Somo la Kutokufa Nyungwe

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine. Nilisahau kopi ya pili.

Nilikwenda Nyakabanda kwa Mukankusi, yule mama mwenye mashine ya taipu, anipigie karatasi moja ya somo. Yeye kila mara anaweka kaboni, zinatoka mbili, ndiyo mazoea yake. Nikachukua ya juu, nikamtania kuhusu miwani yake iliyofungwa na uzi, nikaenda zangu. Ya pili ikabaki mezani. Na pembeni ya ile mashine Mukankusi anauza mandazi. Anayafunga na nini? Na kopi wanazosahau watu wenye diploma.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 1991. Vita na waasi vilikuwa kaskazini tangu Oktoba, watu walikamatwa kwa kushukiwa tu kuwasaidia, na Kigali watu walikuwa wameanza kusalimiana huku wanatazamana mikono.

Karatasi yenyewe haikuwa na ubaya. Mimi ni fundi wa malori, garaji yetu iko Gikondo. Lori likifia ndani ya msitu wa Nyungwe, sisi ndio tunatumwa. Desemba Léonce, mchomeleaji wetu, Murundi mmoja mpana kama kabati, alitumwa huko peke yake. Mvua ikamkuta, akaliacha lori akatafute njia ya mkato. Alipotea siku mbili. Alikunywa maji ya kinamasi, akarudi na tifoidi na uzito wa kuku. Mkewe, Pudentienne, akaja garaji akaniambia, "Fundi Maneno, wewe mkubwa wao. Ukimtuma tena bila kumfundisha, utakuja kumzika wewe."

Basi nikawafundisha. Jumapili baada ya misa tulipita Kagarama, tukapanda kilima cha Rebero kwenye mikaratusi, watu watano: mimi, Léonce, Claudette wa stoo ya vipuri, Mutsinzi na Niyongabo. Niliwaonyesha kuchuja maji kwa kitambaa, halafu kuyachemsha hadi yatokote kweli, siyo kupasha. Kujenga kibanda kabla ya mvua, mgongo wake kwa upepo, na majani mengi chini kuliko juu, kwa sababu baridi ya Nyungwe inatoka ardhini. Niyongabo alimaliza kiberiti kizima bila moto. Claudette akamwambia, "Sha, rafiki, wewe hata jehanamu itazimika ukiingia." Tulicheka sana huko juu.

Na tulikuwa na majina. Utotoni nilikuwa skauti kwa mapadri, na skauti wa mapadri akikubaliwa anapewa jina la mnyama, ndilo analoitwa porini. Léonce tulimpa Nyati. Claudette, Kanga. Niyongabo, Sungura. Mutsinzi, Kima. Mimi, kwa kuwa kichwa changu kinafika kwenye kifua cha watu, walinipa Twiga. Kwenye karatasi niliandika majina hayohayo. Niliona ni raha.

Siku ya Jumatano Damascène aliingia garaji. Huyu ndiye mkubwa wa serire yetu, yaani zile nyumba za jirani zilizo chini ya mtu mmoja anayejua nani kalala wapi. Alikuwa ameshika kopi yangu, ina jina la garaji juu na mafuta ya mandazi katikati.

"Nani hapa anajua kusoma?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Watu wote sita wa garaji walisahau kusoma kwa pamoja.

Akasoma mwenyewe, polepole. "Usiache gari. Kila mtu awe na panga, kamba na kiberiti ndani ya nailoni. Mchana choma tairi, moshi uonekane mbali. Usiku, mioto mitatu kwa mstari. Jumapili, Rebero, baada ya misa." Akainua macho. "Rebero unaona mji wote. Mioto mitatu, nani anaiangalia?"

"Anayekutafuta ukipotea, Bwana Damascène," akasema Claudette, sauti ndogo.

"Wewe ulijuaje?"

Claudette akainamia boliti zake.

"Halafu chini iko majina. Nyati, Kanga, Sungura, Kima. Na juu yao, Mwalimu Twiga. Huyu Twiga nataka kumjua. Iko wapi?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili halikuwa la kusahau. Ulimi wangu ulitangulia. Nikasema, "Twiga? Nenda mbuga ya Akagera, Bwana, wako wengi. Chagua unayemtaka."

Garaji nzima ilicheka. Ilikuwa wiki tatu hatujacheka kazini. Léonce alicheka kuliko wote, kile kicheko chake cha kugonga bati, na wenzake walipokwisha nyamaza yeye bado alikuwa anaendelea. Damascène akamgeukia.

"Wewe unayecheka. Jina lako hapa ni lipi?"

Léonce hajui kudanganya, ni ugonjwa wake. "Mimi ni Nyati."

"Murundi?"

"Murundi, ndiyo. Kibali cha kuishi hiki hapa."

Damascène akakisoma kile kibali mbele na nyuma, akakitia mfukoni mwake. "Na Twiga ni nani?"

Léonce alinitazama mara moja tu, haraka. Halafu akatazama viatu vyake. "Muulize Twiga mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Nikangoja. Nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kuingilia, jambo la kuchekesha kidogo litakalolainisha. Nilipoyapata, walikuwa wameshatoka getini, Léonce mbele, mikono bado ina masizi.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Damascène. Alikuwa barazani kwake, anakunywa chai ya maziwa. Léonce walikuwa wamemfungia kwenye chumba cha nyuma. Nilisikia kikohozi chake.

"Mimi ndiye Twiga," nikasema.

Akaniangalia kutoka juu hadi chini, safari fupi. "Wewe?"

"Mimi. Ni utani. Walinipa kwa sababu ya ufupi."

"Jana ulisema Twiga iko Akagera."

"Jana nilitania."

"Na leo hutanii? Nitajuaje, Muzee? Wewe kwenye msiba unachekesha watu." Akaweka kikombe chini. "Iko mtu mrefu unamficha."

Nikaomba sufuria, kitambaa na maji ya mfereji wa barabarani, nimwonyeshe somo lenyewe. Nikakunja kitambaa mara nne, nikachuja, nikayachuja tena, nikamwambia dakika ngapi za kutokota. Aliangalia kila kitu bila kupepesa. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, nilijivunia hata. Hilo nalo likawa baya.

"Unajua vizuri sana," akasema. "Mtu anayejifunza kuishi bila nyumba, amekwisha panga kuiacha nyumba. Anakwenda wapi?"

"Nyungwe! Kutengeneza malori!"

"Mimi pia naulizwa huko juu, Maneno. Nikiachia mtu halafu ikawa kweli, nani atanichujia mimi maji?" Alisema hivyo bila hasira, na ndipo nikaona naye hakulala. "Sikiliza. Majina ni matano. Wewe sikuamini. Nyati yuko ndani. Lete mmoja katika wale watatu, mmoja tu, aseme kwa mdomo wake alikuwa Rebero na alifundishwa nini, aweke sahihi. Nitampa Nyati kibali chake aende kwa mkewe. Lakini Jumamosi saa nne gari ya askari wa brigedi inapita kuchukua watu, na mimi simfichi mtu."

Alhamisi jioni nilimkuta Niyongabo. Akaniambia Jumapili zote alikuwa kwa shemeji yake. Nikamwambia, "Sha, ulimaliza kiberiti changu." Akasema labda nimemfananisha. Mutsinzi hakufungua mlango, ingawa redio yake ilizimwa nilipobisha. Nikaanza kujiuliza mambo mabaya. Je, Mukankusi alifunga mandazi tu, au alichagua karatasi ya kufungia? Mbona Claudette alijibu haraka vile? Ijumaa nzima sikumsogelea. Watu niliowafundisha kulala mgongo kwa mgongo wasife baridi, sasa nilikuwa nawapima mmoja mmoja.

Ikafika Jumamosi. Pudentienne alifika kabla ya garaji kufunguliwa, amebeba shati safi la mumewe, limepigwa pasi. Alikaa juu ya tairi karibu na geti. Saa tatu ilipopita nikazima kompresa, nikasimama katikati, nikasema mbele ya wote, bila utani hata mmoja. Nikasema mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyesahau, na mimi ndiye niliyenyamaza. Nikasema ni hatua mia mbili tu hadi kwa Damascène, na nitatangulia.

Niyongabo aliwasha mashine ya kusagia chuma. Mutsinzi akaingia chini ya lori, miguu ikabaki nje, haitikisiki. Claudette alikuwa anahesabu boliti, na nikaona anazihesabu zilezile.

Nikamsogelea hadi kwenye dirisha la stoo.

"Claudette, dada yangu. Robo saa tu. Weka hizo chini, twende."