Siku ya Kupimwa Mifupa

Mpiga pasi wa kwa dobi, mama wa miaka hamsini na mmoja, alikuwa na siku yake kila baada ya miezi mitatu: siku ya kliniki. Huko walikuwa wakiwachunguza wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, wajue kama homoni zinazotengenezwa na mafuta ya mwili zinahusika na mifupa kudhoofika. Na mafuta, jamani, alikuwa nayo! Kazini walimwita Kibonge. Alicheka nao, ingawa moyoni jina hilo lilimchoma.

Kliniki, mafuta yale yale yalikuwa na heshima zake. Sista alimtoa damu, akampima kiuno, akamlaza kwenye mashine ya mifupa. Kisha yakaja maswali. Unalala vizuri? Joto la ghafla bado linakusumbua? Umeanguka? Unakula na nani? Tangu mumewe aondoke na binti yake aolewe mbali, hakuna kiumbe mwingine aliyemuuliza anakula na nani. Basi alijibu kwa kirefu, akitia chumvi, ili maswali yasiishe upesi.

Leo ilikuwa mara ya mwisho. Watakaokutwa na mifupa iliyodhoofika ndio wangeendelea kuitwa, wengine, kwaheri. Mungu amsamehe, usiku kucha aliomba yake iwe imeoza.

"Hongera, mama!" sista alisema, uso umemchangamka. "Mifupa mizima kama ya msichana. Tumemalizana."

"Hebu angalia tena, sista. Juzi nilianguka."

"Ulianguka? Wapi?"

"Bafuni. Mgongo unaniuma mno."

Hakuanguka popote. Loo, mtu mzima ovyo, anadanganya!

Sista akavuta kiti karibu. "Pole sana. Nitakuandikia picha ya mgongo. Lakini na mgongo huo huondoki peke yako. Andika hapa namba ya ndugu yako, nimpigie aje akuchukue."

Alikaa na kalamu mkononi. Binti yake alikuwa hapokei simu siku hizi. Mwishowe akaandika namba pekee aliyoikariri.

Sista akatoa simu yake ya mkononi, akabonyeza tarakimu moja moja.

Simu ya mezani ya kliniki, pale pale katikati yao, ikaanza kuita.

"Ndiyo hiyo, sista," mpiga pasi alisema. "Sina nyingine."