Posho ya Fulana

Sista Hildegarda alikuwa anamfunga mzee mmoja kidonda cha mguu pale Daktari Bonifas alipoingia na boksi begani, jasho linamtiririka na uso umejaa bashasha.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Wa kunipokea zamu yuko wapi? Mimi nimekesha humu."

"Yuko kwenye kamati ya mapokezi." Bonifas ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi wa kituo kile cha afya, nje kidogo ya Kidodi, na umri wake ulimtosha kuwa mdogo wa mwisho wa Hildegarda. Akalitua boksi mezani. "Halafu, ile posho yenu ya zamu za usiku, fungu bado limekwama huko juu. Ila hatujawaacha hivihivi. Kila mtumishi anapata fulana."

Akaikunjua moja. Kifuani palikuwa na uso wa Goodhope, mtoto wa hapahapa Kidodi, mcheza mpira anayelipwa huko Uarabuni mafedha ambayo watu wa mashamba ya miwa wakiyataja lazima wagune kwanza. Anacheka, meno yote nje.

"Yaani posho yangu ndiyo hii?"

"Chukulia hivyo kwa sasa, sista. Uzalendo huo."

Uzalendo! Glovu zimekwisha tangu juzi, wajawazito wanatumwa dukani kununua nyembe, halafu watu wazima wamekaa kikao wakachapisha fulana. Hildegarda aliona kinyaa, akaitupia fulana ndani ya boksi, akarudi kwenye kidonda cha mzee. Kidonda kile angalau kilikuwa kinaelekea kupona.

Nje, Abubakari, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa ameshavaa yake. Analifunga gari mapambo ya kijani na njano, anapiga mluzi.

"Hilo gari linaolewa?" Hildegarda alimuuliza.

"Linaongoza msafara, sista. Tunamfuata mgeni wetu Goodhope huko Mikumi, tunashuka naye mpaka uwanjani. King'ora mwanzo mwisho!"

"Na mgonjwa akitokea?"

"Si utapiga simu." Abubakari akacheka. "Usinune bwana. Yule dogo anastahili kila senti. Anajaza uwanja mzima. Wewe ukimzalisha mtu, kuna anayelipa kiingilio aje kukutazama?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo maana."

"Sawa. Siku mkeo akishikwa na uchungu, mpeleke uwanjani."

Abubakari alicheka mpaka akashika kiuno. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Goodhope kama wanaume wengi wa pale walivyompenda, kwa sababu kijana alitoka mahali ambapo hakuna anayetoka. Akaondoka na king'ora kikilia, watoto wanalikimbilia gari kwa vigelegele.

Jua lilikuwa limeanza kuwaka pale bodaboda iliposimama mlangoni. Mama mmoja, Sikuzani, alikuwa amekaa nyuma kabisa, amemshikilia bintiye Yusrah asidondoke. Uchungu ulimshika binti tangu usiku. Hildegarda alimlaza, akamfunua, akaona mkono mdogo wa mtoto umetangulia kutoka. Mtoto amelala kingamo. Huyo hazaliwi hivyo hata mama asukume mpaka kesho. Ni wa kupasuliwa, na chumba cha upasuaji kiko Mikumi.

Akaweka bomba la kusikilizia kwenye tumbo, akainamisha sikio. Mapigo yalikuwepo.

"Yu hai, mama," alimwambia Sikuzani. "Yu hai, na tunamwahisha."

Akapiga simu. Bonifas alipokea katikati ya ngoma na mavuvuzela.

"Daktari, nataka gari. Mkono umetangulia."

"Sista, ndiyo kwanza tunaingia Kidodi. Mgeni akishashuka tu, nakuletea."

"Sasa hivi, daktari!"

"Nitalitoaje gari mbele ya msafara? Niko garini na wakubwa. Unataka nifukuzwe?"

Akakata. Hildegarda alipiga tena, haikupokelewa. Akampigia Abubakari, simu yake haipatikani. Alimtuma mwenye bodaboda akatafute gari lolote, akarudi mikono mitupu. Magari yote ya pale, mpaka la muuza mbao, yalikuwa kwenye msafara. Na mgeni aliposhuka hawakuleta gari. Alivishwa mgolole, akapewa mbuzi, zikaja hotuba, na hakuna mkubwa aliyetaka hotuba yake ikatwe. Yote hayo Hildegarda aliyasikia kwenye vipaza sauti, dirishani, huku Yusrah anauma upindo wa kanga.

Abubakari alipofika, jua limeshapinda, mapambo bado yananing'inia. Alimwona Yusrah akibebwa, mluzi ukamkauka mdomoni.

"Mbona hawakuniambia? Walisema nisubiri tu."

"Endesha."

Wakaondoka, Sikuzani na Hildegarda nyuma pamoja na mgonjwa. Malori ya miwa yalikuwa yamejipanga barabarani na bila king'ora hayampishi mtu, kwa hiyo Abubakari akakiwasha. Malori yakasogea pembeni. Hildegarda akaweka sikio tena kwenye bomba. Mapigo yalikuwa yamechoka, lakini yapo.

Tatizo ni kwamba siku ile king'ora kilikuwa na mwenyewe. Watu wa njiani walikuwa na hasira, kwa kuwa asubuhi Goodhope aliwapita vioo vimefungwa, hata mkono hakupunga. Wakaambiwa jioni atarudi kulala Mikumi, watamwona vizuri. Basi wakamsubiri. Waliposikia king'ora hawakupisha, wakamwagika barabarani. Wanawake wakatandika kanga juu ya lami ili mgeni apite juu yake kwa heshima, vijana wakapanda boneti.

"Goodhope! Goodhope!"

Abubakari alipiga honi, nao wakadhani anawaitikia. Akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Ni mgonjwa! Pisheni, ni mgonjwa!" Wakaiona fulana yake, wakashangilia zaidi. Gari likapigwa makofi ubavuni kama ngoma.

Hildegarda aliinama na bomba lake. Hakusikia kitu. Alisikia mavuvuzela, vigelegele, na jina la mcheza mpira likirudiwarudiwa ndani ya tumbo la Yusrah. Akabana sikio lingine kwa kiganja, akajaribu upande wa pili. Goodhope, Goodhope.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa nguvu.

"Mtoeni tumwone!"

Simu zikainuliwa juu. Wakamwona Yusrah, miguu wazi, damu imetapakaa sakafuni. Kelele zikakatika mlangoni, lakini simu hazikushushwa zote. Sikuzani alijivua kanga ya kichwani akamfunika mwanawe.

"Hamna mama zenu?" Hildegarda alifoka. "Hamna haya?"

Mwanamke mmoja alianza kuzizoa kanga barabarani huku analia na kuwapiga vijana nazo. Wakapisha, mmoja mmoja. Wale wa mbele zaidi, ambao hawakuona kitu, waliendelea kucheza.

Mikumi walimpasua Yusrah, wakamwokoa. Mtoto wa kiume alitolewa ameshakufa. Sikuzani alimpokea ndani ya kanga, akamfuta uso.

"Sista, wale watu walikuwa wanamngoja nani?"

"Mcheza mpira, mama."

"Aliwafanyia nini?"

Hildegarda alisogea akakaa kando yake. Akamshika bega, basi.

Hildegarda na Abubakari walirudi kituoni magharibi. Bonifas alikuwa anawangoja getini, anatazama saa.

"Poleni, nimesikia. Kazi ya Mungu." Akachungulia ndani ya gari, akarudi nyuma. "Loh! Sasa hili lisafishwe fasta. Mgeni anaondoka saa moja na sisi ndio tunaongoza."

Hildegarda alishuka garini. Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na boksi la fulana. Akapiga magoti kwenye sakafu ya gari, akachukua fulana ya juu, akaichovya, akaanza kudeki. Meno ya Goodhope yalipita kwenye damu, yakarudi.

"Sista! Umechanganyikiwa? Hizo zina sura ya mgeni!"

"Si ulisema ni posho yangu?" Akaikamua, maji mekundu yakachuruzika kwenye ndoo. "Natumia posho yangu, daktari."

"Nitakuandikia barua!"

"Andika."

Bonifas akamgeukia dereva. "Abubakari, mtoe huyu, washa gari!"

Abubakari aliutia ufunguo wa gari mfukoni. Kisha akavua fulana yake, akabaki kifua wazi, akapiga magoti upande wa pili wa ndoo, akaichovya ile fulana.

"Hapo pembeni bado," Hildegarda alimwambia.