Unga Mlangoni kwa Maragatham

Sisimizi sina ugomvi nao wakikaa kwao. Lakini mwaka 1998 walihamia nyumbani kwangu, Firq, karibu na Nizwa huku Oman, na aliyewaalika ni mpangaji wangu, Maragatham.

Kila alfajiri, mumewe Pichaimuthu akijitayarisha kwenda gereji anakoziba rejeta, Maragatham alifagia mbele ya mlango wake, akanyunyiza maji, kisha akainama na kibakuli cha unga wa mchele. Alidondosha vitone kwanza, halafu mistari ya kuvizunguka, ikapindana mpaka ikarudi ilikoanzia. Kitu kizuri, sikatai. Watamili, watu wake wa India kusini, wanakiita kolam, cha kukaribisha baraka nyumbani na kulisha wadudu wadogo. Basi wadudu wadogo walikula kwake wakaja kumalizia kwangu. Niliwakuta kwenye sukari, kwenye samli, na kwenye foronya ya mwanangu Hiba.

Nyumba ni moja, nimeigawa kwa ukuta, na milango yote miwili inaangalia barabara. Ng'ambo anakaa Bi Radhia, ambaye kazi yake ni dirisha.

"Fakhriya, utaniona mbaya," aliniambia, "lakini ile sihri ile, uchawi. Michoro kama ile haichorwi bure. Na Alhamisi wanakuja watu wa Ibra kumposa Hiba. Mama wa kijana akiiona, wallahi atageuza gari."

Hapo alinishika pabaya. Hiba alikuwa na miaka ishirini na saba na alimtaka kweli huyo kijana, Asaad. Posa mbili zilikwisha kuvunjika, moja kwa sababu sisi eti Zinjibari, watu wa Afrika. Zanzibar yenyewe nimeiona kwenye picha tu! Babu yangu alitoka Ibra akenda Ujiji, mimi nikazaliwa Ujiji, na mwaka 1974 tukarudi Oman tukidhani tunarudi kwetu. Mama akaweka kinu chake uani, akawa anatwanga karanga. Majirani wakasema yule mwanamke wa Afrika anatwanga dawa. Mama akakitia kinu stoo, na hakukitoa tena mpaka alipokufa.

Yote hayo nayajua, na bado nilikwenda kumwambia Maragatham aache.

Alinisikiliza huku anajifuta mikono. Kiswahili alikuwa amekiokota kwetu, miaka sita ya kuazimana chumvi.

"Mama Hiba, hii siwezi," alisema. "Bibi yangu alichora Siloni, hii Sri Lanka ya leo, kwenye vibanda vya shamba la chai. Halafu serikali mbili zikagawana watu, mama yangu akapandishwa meli, akaambiwa rudi India. India alikuwa hajaiona hata siku moja. Kule wakamwita Msiloni. Hana nyumba, hana shamba, lakini asubuhi anachora. Mimi nichore nini kingine?"

"Alhamisi tu," nikasema. "Siku moja."

Akachukua kibakuli chake akaingia ndani. Nikarudi kwangu nimefura. Nyumba yangu, barabara yangu, posa ya mwanangu, na mimi ndiye ninayebembeleza.

Alhamisi alfajiri nikafungua mlango. Mbele ya mlango wake palikuwa patupu, hata alama ya maji hapakuwa. Nilifurahi, sifichi. Saa mbili simu ikalia kutoka Ibra: babake Asaad amepandwa na presha, watakuja Ijumaa, baada ya wiki mbili. Nilichoka. Nilikuwa nimeshanunua halwa ya Nizwa bakuli zima. Nikasema basi, angalau nimpelekee Maragatham sahani, nimshukuru kwa kunisikia.

Mlangoni kwake nikakuta viatu vingi, makubazi ya gereji yenye oili. Nikadhani wana sherehe. Kumbe ndani Pichaimuthu amekaa chini, kazungukwa na mafundi wenzake, na nesi wao mmoja wa Nizwa yuko pembeni. Maragatham, nywele wazi, aliponiona aliinuka akaniangukia begani.

"Mama Hiba, umeona mlango," alisema. "Barabara nzima, wewe tu umeona mlango."

Sikuelewa. Yule nesi akaninong'oneza. Mama yake Maragatham alifariki India jana jioni. Nyumba yenye msiba haichorwi kolam siku kumi na sita, na anayepita asubuhi akiona mlango mtupu anajua, anaingia kutoa pole. Jiko pia haliwashwi, ndiyo maana kila mtu kaja na chakula. Akanipokea sahani yangu, akaiweka pamoja na nyingine.

Niliona haya. Nilikuja kushukuru kwa kifo cha mama wa mtu, nikakumbatiwa. Na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikasema pole, nikakaa hadi adhuhuri, nikilizwa na hadithi za mama huyo nisiyemjua.

Sisimizi waliondoka. Kila alfajiri nilifungua mlango nikatazama pale patupu, na nilichokuwa nikikitaka kilinikera kuliko sisimizi.

Ijumaa ya wageni nilitoka na ufagio, nikabaki mguu juu. Kolam imerudi. Imerudi kwake, na ipo kwangu pia, kubwa zaidi, kutoka kizingitini hadi ukingo wa barabara, na ndege wawili katikati. Maragatham amekaa mlangoni kwake, mikono myeupe.

"Ya wageni wa Hiba," alisema. "Wewe ulikuja kwa mama yangu."

Ng'ambo Bi Radhia alikuwa ameshalifungua pazia lote. Nilisimama na ufagio wangu, nimemkasirikia kila mtu: Radhia, Maragatham na wema wake, mama yangu kwa kukificha kile kinu, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Halafu nikaurudisha ufagio jikoni.

Saa nne wakafika. Mama yake Asaad, Bi Ghadeer, ni mtu wa maneno machache. Alishuka garini, akainua pindo la abaya, akaangalia chini muda mrefu.

"Nini hii, Fakhriya?"

"Unga wa mchele. Jirani yangu Mtamili anakukaribisheni. Sihri haimo. Sisimizi wamo."

Akapita ukingoni taratibu bila kukanyaga mstari, na dada zake wakamfuata mmoja mmoja.

Hiba akaleta chai na halwa. Nikatazama kikombe cha Bi Ghadeer: sisimizi mmoja anaogelea juu. Bi Ghadeer naye akamwona. Akamtoa kwa ncha ya kidole, akamweka ukingoni mwa kisosi, akamngoja mpaka akaanza kutembea. Kisha akanywa chai yake.

"Haya," alisema, "tupange siku."