Bluu ya Mbele

Wateja walimwita Waya, na kwa kuwa alikuwa mwembamba na mkali akiguswa vibaya, jina lilimkaa. Kaka yake, waliyemzika miezi mitano iliyopita, aliitwa Redio. Huyo hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Asubuhi hiyo Mama aliingia katika chumba cha Waya cha kutengenezea kompyuta akiwa na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha mezani. Akakiweka juu ya meza kama mtu anayetua yai.

"Imeanguka," alisema. "Diski ya kaka yako. Nilikuwa naifuta vumbi."

Waya alijua. Mama aliifuta vumbi kila siku ya Mungu, kwa sababu kaburi lilikuwa mbali na diski ilikuwa karibu. Ndani mlikuwa na video kumi na tisa ambazo Redio alijirekodi nyumbani kabla ya kulazwa. Kwenye simu alikuwa ameshazifuta, apate nafasi ya kuongea zaidi. Nakala nyingine haikuwepo. Waya alikuwa ameahidi kuitoa wiki ijayo, na wiki ijayo ya fundi, kama ujuavyo, haina tarehe.

"Uliiwasha baada ya kuanguka?"

"Nilichomeka kwenye televisheni. Ikalia tik, tik. Nikachomoa."

Waya akavuta kiti, akamkalisha. "Mama, nisikilize. Diski ikianza kulia hivyo, haina siku nyingi. Leo ikikubali kuwaka, tuna kama robo saa. Ikizima hapo, sidhani kama itaamka tena."

"Robo saa itatosha?"

"Kwa tundu la kasi, itatosha na tutabakiza." Akaigeuza kompyuta yake, Mama aone. "Chungulia humu. Kila tundu la USB lina ulimi ndani. Ulimi mweusi ni wa polepole, kama bomba la bafuni asubuhi watu wote wanapooga. Wa bluu ni wa kasi, kama bomba la zimamoto."

Mama akachungulia. "Kumbe wanajulikana kwa ndimi. Kaka yako angekuwa wa bluu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa kuamsha mtoto.

Waya akachomeka diski kwenye tundu la mbele lenye ulimi wa bluu, ili Mama aone kila kitu pale alipokaa. Diski ikalia mara mbili, ikanyamaza, kisha ikaanza kuzunguka. Majina ya video yakajitokeza. Akaziteua zote, akaamuru zinakiliwe. Aliyesema haraka haraka haina baraka, alijisemea, hajawahi kunakili diski inayokufa.

Kioo kikaandika: dakika thelathini na nane zimebaki.

Waya alisubiri namba ishuke. Haikushuka. Kwa kasi ya kweli ingepaswa kuwa kumi. Akatazama tundu, akakumbuka.

Mwaka jana tundu lile lilivunjika. Nyaya za upande wa mbele zilikuwa za kizamani, za polepole, lakini wateja walikuwa wameshajifunza habari za bluu, na wakiona ulimi mweusi wananuna kama wamepewa kiti kibovu. Basi Waya alitoa tundu la bluu kwenye mashine iliyokufa, akalichomelea pale kwa risasi iliyoyeyushwa. Rangi mpya, mwendo uleule. Redio ndiye aliyemshikia tochi. "Watu wanataka bluu, mdogo wangu," alisema. "Wape bluu." Walicheka mpaka tochi ikaanguka.

Bluu za kweli zilikuwa nyuma, zenye alama ya SS, ya mwendo kasi, pembeni. Kazi za wateja alizifanyia huko siku zote. Leo alitaka Mama aone, akasahau.

"Mbona umekauka?" Mama aliuliza.

"Tundu hili ni la polepole, Mama. Rangi niliiweka mimi." Akaishika diski. "Naweza kuichomoa niihamishie nyuma. Ikiamka, tutapata zote. Isipoamka, hatupati kitu."

Tik, ikasema diski.

"Siku ile," Mama alisema, "walituambia wodi ya pili ina mashine nzuri zaidi. Nikakubali. Nikasaidia kusukuma kitanda. Hatukufika, mwanangu. Alikata roho kwenye korido, anatazama taa." Akaikunja ncha ya kitambaa. "Muache hapo alipo."

Waya akaondoa mkono.

Walikaa bega kwa bega wakitazama mstari wa kijani ukitambaa. Video ya kwanza ikaingia. Ya pili. Kila diski ilipolia, Mama alisema "pole", kwa sauti ndogo, kama anayemgeuza mgonjwa. Ya tatu, ya nne, ya tano. Dakika ya kumi na tatu diski ikatoa mlio mrefu, ikazunguka bila kushika kitu, ikatulia. Waya akaihamishia nyuma, kwenye bluu ya kweli. Kimya. Akaishika kiganjani. Ilikuwa bado na joto.

"Mama, ni mimi."

"Na aliyeiangusha ni nani? Tugawane, usijibebee peke yako. Fungua tulizopata."

Redio akatokea, mashavu yameingia ndani, nyuma yake jiko la nyumbani na Mama akiwa amewapa mgongo.

"Sehemu ya kwanza," alisema Redio. "Ziko nyingi, kwa hiyo msinikimbize. Leo ni utani tu. Mwoneni Mama anavyokata vitunguu, utadhani anapasua kuni. Ya maana nimeyaweka kule mwisho, ili mlazimike kunisikiliza mpaka nimalize."

Video ikaisha. Waya alikuwa amefumba macho.

"Kule mwisho angesema nini?" Mama aliuliza.

Waya akafumbua macho. "Angesema vitunguu vyako ni vikubwa."

"Hilo ameshalisema."

"Ndiyo, Mama."

Mama akavuta kiti mbele, magoti yakagusa meza.

"Irudishe mwanzo," alisema. "Polepole."