Nafasi Moja ya Kusomea Mafuta

Lidwina aliokota jiwe chini ya ukingo wa mto, akalifuta vumbi, akalilamba. Jiwe likilowa, chembe za mchanga huonekana vizuri. Alifundishwa hivyo chuoni, na kwa miaka miwili alikuwa amezunguka pori lote la Namtumbo kwa miguu akilamba mawe, akaugua malaria mara nne, na mama yake kule Mfaranyaki akamuuliza kama ataolewa na mawe.

Leo Goodluck naye alilamba. Akatema.

Goodluck alikuwa mpwa wa Bwana Makarius, mkuu wa ofisi yao ya madini ya Songea. Alikuwa na miezi mitatu kazini na cheti cha ugavi. Buti zake zilikuwa mpya. Lidwina alizitazama akaona wivu, wala hakuona haya. Mwenye haki ya kuona wivu hapa alikuwa yeye.

Tangu serikali iyafungulie milango makampuni ya nje, alikuwa akiingoja siku hii. Mzungu wa kampuni ya mafuta alikuwa amekuja nao hapa mtoni, yeye na Makarius, akimtafuta Mtanzania aliyechora ramani ya miamba hii, ampeleke ng'ambo akasomee jiolojia ya mafuta. Mmoja tu.

Mzungu alifungua daftari ambalo Lidwina alichoria ramani hiyo. Porini huandikwa kwa penseli, maana wino huchuruzika mvua ikinyesha. Lidwina alinyoosha shingo. Jina lake lilikuwa limefutwa kwa raba. Juu yake liliandikwa la Goodluck, kwa wino wa buluu.

"Mzee," alimnong'oneza Makarius, "lile daftari ni langu."

"Daftari ni la serikali, Lidwina. Na wewe kesho utaolewa, utatuachia kazi."

Mzungu alimuuliza Goodluck kwa Kiingereza: mafuta yakipanda kupitia mchanga huu, yatazuiwa na nini yasipotee? Goodluck alimtazama mjomba wake.

Lidwina angenyamaza tu, wakakosa wote. Ndicho alichokitamani sasa. Lakini swali lilikuwa lake, miaka miwili alikuwa akilisubiri, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na jibu.

"Huu mkanda wa kijivu," alijibu kwa Kiingereza, akiuonyesha kwa kidole. "Ni udongo wa mfinyanzi uliogeuka mwamba, haupitishi mafuta. Nimeufuata kilomita kumi na moja, haukatiki."

Uso wa mzungu ulichangamka. "Nani huyu?"

"Msaidizi wa Goodluck," Makarius alidakia. "Kijana anajua kufundisha. Ona alivyomnoa."

"Si kweli," alisema Lidwina.

Mzungu alikuwa ameshampa Goodluck mkono, akicheka, akiutikisa.

Ikabaki picha ya ripoti. Mwamba ukipigwa picha huwekewa kitu kando yake, msomaji ajue ukubwa wake. Mwamba mdogo huwekewa nyundo. Mkubwa husimamishiwa mtu.

"Lidwina, nenda kasimame pale," alisema Makarius. "Una urefu gani?"

"Futi tano na inchi tatu."

"Geuka basi, utazame mwamba. Sura haihitajiki."

Aligeuka. Mkanda wa kijivu ulikuwa usawa wa paji lake la uso, karibu kuugusa. Nyuma yake alimsikia Goodluck akimtajia mzungu herufi za jina lake, moja moja, polepole, asije akalikosea.