Koili Iliyokatwa Robo

Boke Werema alikuwa fundi pekee wa kike karibu na stendi ya Bunda, na watu walimjua kwa kutobahatisha. Kabla ya kufungua kifaa alipima, akaandika, akapiga hesabu kwenye daftari alilotoka nalo chuoni Musoma. Kwa hiyo Mzee Ngolo alipomletea jiko lake la umeme, kazi hiyo haikumtia wasiwasi.

"Halijafa," mzee alisema. "Linawaka vizuri, ila linanimalizia uniti. Mama yenu tangu apooze mguu anataka maji ya moto muda wote, kwa hiyo linashinda limewaka. Lipunguze makali kidogo."

Boke alipima ukinzani wa koili. Ohm hamsini na tatu. Kwa umeme wa volti mia mbili thelathini, mkondo ulikuwa ampia nne na nukta tatu, na nguvu kama wati elfu moja. Akakumbuka kanuni ya chuoni: nguvu ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani. Basi ukinzani ukishuka, nguvu nayo itashuka. Akakata robo ya koili. Zikabaki ohm arobaini, na hesabu ikampa wati mia saba arobaini. Mzee akaondoka ameridhika.

Siku ya sita alirudi, jiko limefungwa kwenye kanga ya mkewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti yangu, umenifanya nini?"

"Kwani limezima?"

"Lingezima ningeshukuru! Linakuwa jekundu kama pilipili. Uniti nilizokuwaga natumia wiki nzima zimeisha kwa siku tano."

Boke alimpa kiti, akarudia hesabu. Ilikuwa sahihi. Akairudia kwa kikokotoo cha simu, ikatoka ile ile. Alipofunua ukurasa wa pili wa daftari akakuta kanuni nyingine, kwa mwandiko wake mwenyewe: nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Akaijaribu. Wati elfu moja mia tatu ishirini na mbili.

Alitazama kurasa zote mbili, kisha akalitazama jiko. Kanuni moja ilisema amelipunguza, nyingine ilisema ameliongeza, na zote alifundishwa wiki moja na mwalimu mmoja. Akampigia huyo mwalimu, Ephraim, kule Musoma.

"Zote ni sahihi, Boke," Ephraim alisema. "Niko darasani, nitakupigia." Akakata.

Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka kabisa. Akatoka hadi kibanda cha jirani yake, Prosper, fundi wa friji.

"Prosper, kitu kimoja kinaweza kupungua na kuongezeka kwa pamoja?"

"Umekula leo?"

Alipomweleza, Prosper alitoa mita yake ya kubana waya, ile inayosoma mkondo bila kukata kitu. "Acha kuhesabu. Washa, tusome."

Walirudi kwa Boke, wakaliwasha jiko. Mita ikasoma tano na nukta saba.

"Imeharibika hiyo," Boke alisema. "Mkondo wa hili jiko ni nne na nukta tatu."

"Nani kasema?"

"Nilihesabu mwenyewe."

"Kabla ya kukata au baada?"

Boke alirudi kwenye daftari akaiona ile nne na nukta tatu. Ilikuwa ya koili nzima. Alikuwa amebadilisha ukinzani, halafu akaendelea na mkondo wa zamani. Volti ndizo zilizobaki zile zile. Waya ulipofupishwa, umeme ulipata njia nyepesi, ukapita mwingi zaidi. Akaweka ampia tano na nukta saba kwenye kanuni ya kwanza. Jibu likakaribiana na la pili. Hata hivyo hakufurahi.

Akamgeukia mzee. "Nilikosea. Nilipolikata nililiongezea nguvu."

"Ulilikata, likaongezeka?"

"Ndiyo, mzee. Likipungua waya, linaongezeka moto."

Mzee Ngolo alilitazama jiko. "Basi liongeze, lipungue."

"Ndivyo nitakavyofanya."

"Sijaelewa, lakini fanya."

Alimfungia koili mpya ndefu, ohm sabini. Mita ya Prosper ikasoma tatu na nukta tatu. Baada ya wiki mzee alipiga simu: uniti bado zipo na maji yanabaki ya moto mpaka jioni, ila chai ya asubuhi inachelewa na mama analalamika. Lakini jiko hakutaka liguswe tena.

Boke alikuwa na deni jingine moyoni. Mwezi uliopita Rebeka wa Butiama, mkaanga maandazi, naye alikatiwa koili namna ile ile. Akampigia.

"Jiko lako likoje, dada?"

"Zuri mno! Mafuta yanapata moto hata sijakunja kanga. Nimewaambia wenzangu wote waje kwako."

Sifa hiyo Boke hakujua aiweke wapi. "Na plagi je? Inapata moto?"

"Kidogo. Imeanza kuwa ya kahawia hapa pembeni."

"Plagi inaungua. Lizime jiko, dada. Sasa hivi, usingoje."

"Kwani limeharibika? Si umelitengeneza vizuri?"

"Nakuja nikueleze," Boke alisema, ingawa hakujua ataanzia wapi. Akafunga kibanda, akachukua koili nzima na plagi mpya, akaenda kutafuta gari la Butiama.